Nani Kapima Joto la Soko?

Dalali alikuja saa kumi na moja jioni, akakaa barazani kabla ya kukaribishwa, akavua kofia yake, akaikunja mara mbili juu ya goti, akasema: "Bi mkubwa, nisikufiche. Soko limepoa."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuuliza limepoa vipi, wala tangu lini. Aliuliza tu: "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ile mia na ishirini tuisahau. Mimi nina mtu, ana themanini. Ziko mkononi, si za mdomoni. Ukimuacha huyu, atakayekuja nyuma yake atakuja na sabini."

Akanywa chai yake, akala mkate wa ufuta vipande viwili, akaaga. Milioni arubaini ziliondoka naye jioni ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza zinakwenda wapi.

Neno hili nimelisikia mwaka mzima. Fuoni soko limepoa. Tomondo limepoa. Mwera limelala. Bububu, nasikia, limekufa kabisa. Linasemwa kwenye daladala, kwenye kahawa, kwenye makundi ya simu yanayotangaza viwanja, na linasemwa kwa sauti ile ile mtu anayotumia kusema kusi limeingia. Yaani ni jambo la mbinguni, limekuja lenyewe, litaondoka lenyewe, sisi kazi yetu ni kusubiri au kupokea kilichopo.

Mimi silikubali. Nasema soko la nyumba katika viunga vya mji wetu halikupoa. Linapozwa kwa mwenye shida na kupashwa moto kwa mwenye nafasi: nyumba ile ile, wiki ile ile, na mdomo ule ule. Na linawezekana kufanywa hivyo kwa sababu tumekubali kuuziana makaazi yetu gizani.

*

Nianze na nyumba yenyewe, maana bila ya nyumba maneno haya ni ya darasani.

Babu alinunua mahali hapa Fuoni mwaka 1991. Karatasi ya mauziano bado ipo ndani ya sanduku la Bibi, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za watoto wake. Imeandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, na inasema kwamba muuzaji amemuuzia Babu minazi minne na muembe mmoja. Basi. Mara ya kwanza nilipoisoma nilifikiri ukurasa mmoja umepotea. Hakuna ardhi mle. Hakuna mita, hakuna kiwanja, hakuna mpaka isipokuwa "kwa upande wa kibla ni njia".

Baadaye nilielewa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilikuwa mali ya Serikali, na maelfu ya familia zikagaiwa eka tatu tatu za kulima. Eka hizo zilikuwa za kulimwa, si za kukatwakatwa na kuuzwa. Lakini mji ulikuwa unakuja. Watu walitaka pa kujenga, wenye eka walitaka fedha, na ardhi haiuziki; basi wakauziana miti. Mnazi ulikuwa mnazi, na kila mtu alijua kwamba chini ya mnazi kuna pahala pa msingi. Mwaka 1992 ikaja Sheria ya Matumizi ya Ardhi, ikaweka haki ya mtu kuitumia ardhi ya umma na utaratibu wa kuihawilisha haki hiyo. Lakini miti ilishauzwa, na misingi ilishamwagwa. Sehemu kubwa ya Fuoni, na viunga vingi vinavyofanana nayo, vimesimama juu ya karatasi za minazi.

Nasema haya kwa sababu wapo wanaodhani giza la soko letu ni bahati mbaya ya juzi. Tulilianza kwa kuandika mnazi tukikusudia kiwanja. Tumezoea kwamba kinachoandikwa na kinachouzwa ni vitu viwili tofauti.

Babu alijenga kidogo kidogo, kama wanavyojenga wote. Chumba kimoja, kisha kusita. Matofali mia mbili, kisha ada za skuli. Bati zilipanda mwaka ambao Mama aliolewa. Ikawa nyumba ya vyumba vinne, ukumbi, kisima, na ule muembe wa kwenye karatasi. Babu alifariki miaka sita iliyopita. Akaacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu.

Hesabu ya mirathi yetu ni nyepesi kiasi kwamba hata mtoto wa darasa la tano ataiweza. Nyumba inagawika mafungu manane. Bibi, fungu moja. Mama na dada zake wawili, fungu moja moja. Wajomba zangu, mafungu mawili mawili. Nyumba ikiuzwa milioni mia na ishirini, fungu ni milioni kumi na tano. Ikiuzwa themanini, fungu ni milioni kumi.

Sasa lichukue lile neno la dalali ulitie ndani ya hesabu hii. "Soko limepoa" maana yake ni kwamba mwanamke wa miaka sabini na nne, aliyechota maji ya kuchanganyia zege la nyumba hii, atoke na milioni kumi. Nimekwenda mwenyewe kumtafutia pa kukaa. Mjini hakuna la kuzungumza. Nikaenda upande wa Dunga, nikaoneshwa kiwanja kitupu chenye njia ya gari: milioni kumi na mbili. Nikasema, kama nilivyofundishwa, kwamba soko limepoa. Mwenyewe akacheka. "Limepoa kwa nani? Mimi sina haraka. Kikikaa miaka mitano ndiyo vizuri zaidi."

Pale ndipo nilipoanza kuelewa. Soko lilikuwa limepoa tulipokuwa tunauza. Tulipovuka barabara kwenda kununua, lilikuwa linachemka.

*

Wiki iliyofuata nilimuomba rafiki yangu ampigie simu dalali yule yule. Najua si jambo la kujisifu. Ajifanye ametoka Muscat, ana fedha taslimu, anatafuta nyumba Fuoni. Aliweka simu juu ya meza ili nisikie.

"Sheikh, umechelewa kidogo," dalali alisema. "Fuoni ya sasa si ile unayoijua. Bei zinapanda kila siku. Waliokosa Fumba wote wanashukia huku. Lakini una bahati, nina nyumba moja ya mirathi, vyumba vinne, kisima, muembe mkubwa. Wenyewe wanataka mia na arubaini. Kwa ajili yako nitawaomba waje mia na thelathini."

Muembe mkubwa. Ulikuwa muembe wetu.

Kwa hiyo siku saba baada ya kuambiwa themanini, nyumba yetu ilikuwa inauzwa mia na thelathini. Bati ni zile zile na nyufa ni zile zile. Kilichobadilika ni nani anayesikiliza. Mama aliambiwa soko limepoa kwa sababu ana warithi watano wa kuwaridhisha na hana pengine pa kuuliza. Mtu wa Muscat aliambiwa soko linapanda kwa sababu ana fedha na hana pengine pa kuuliza.

Sitaki kumfanya dalali kuwa ibilisi wa kisa hiki. Ni mtu wa makamo, ana watoto, ana pikipiki ya mkopo, na kama asingekuwa yeye angekuwa mwengine. Anafanya kile ambacho giza linamruhusu mtu yeyote kukifanya. Swali langu ni nani aliyezima taa, na kwa nini hatuiwashi.

Mtu akisema kitu kimepoa, lazima awe ameshika kipima joto. Sisi kipima joto chetu kiko wapi? Nyumba ikiuzwa Fuoni, wanaoijua bei ni muuzaji, mnunuzi, dalali, na mashahidi waliokaa mbele ya sheha. Karatasi inaingia sandukuni. Hata pale inapofika kwenye ofisi ya usajili, mara nyingi bei iliyoandikwa ni ndogo kuliko iliyolipwa, ili ada na kodi ziwe ndogo. Kisha bei hiyo inakaa ndani ya jalada, na mwananchi wa kawaida hana pa kuisoma. Kwa hiyo hakuna mtu hata mmoja katika kisiwa hiki, si mimi, si dalali, si ofisa wa ardhi, anayeweza kukuambia kwa ushahidi kama nyumba za Fuoni mwaka huu zimeuzwa chini ya mwaka jana. Kinachoitwa soko ni uvumi wenye kofia.

Na hili si fumbo la dunia. Uingereza, ofisi ya usajili wa ardhi inachapisha bei ya nyumba zilizouzwa, na kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1995. Mtu anakaa nyumbani kwake na kujua jirani aliuza kwa ngapi. Mtasema Uingereza ni mbali. Basi Dubai, ambayo viongozi na wawekezaji wetu wanapenda kuitaja kila wanapozindua jengo, idara yake ya ardhi inachapisha mauziano. Tumeiga vioo vya Dubai. Daftari lake tumeliacha.

*

Litazame pia neno lenyewe upande wa watu. Kwa sensa ya 2012, Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Kwa sensa ya 2022, watu 893,169. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka karibu watu laki tatu, katika mkoa ambao unaweza kuuzunguka kwa daladala kabla ya adhuhuri. Watu hao wanalala wapi? Wanalala watatu chumba kimoja. Wanapanga uani. Wanaoa na kubaki nyumbani kwa mama zao. Mimi mwenyewe, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nalala ukumbini kwa Bibi, na godoro langu linakunjwa kabla ya wageni wa asubuhi.

Katika hali hiyo, kusema hakuna anayetaka nyumba ni kukosa haya. Wanaotaka ni wengi mno. Wasiokuwepo ni wenye fedha taslimu. Benki haikusikilizi bila ya hati, na hati haipatikani kwa karatasi ya minazi. Mshahara wa mwalimu haununui nyumba ya milioni themanini hata akiacha kula. Basi aliyebaki sokoni ni mwenye fedha mkononi, na mwenye fedha mkononi ana silaha moja kubwa kuliko zote, nayo ni kusubiri. Anasubiri mjane achoke. Anasubiri mgonjwa apate tarehe ya kusafirishwa India. Anasubiri warithi wagombane. Kisha dalali anakuja barazani anavua kofia.

Haja haikupoa hata kidogo. Kilichopoa ni uwezo wa mwenye haja kukataa.

Na kuna soko la pili, linalozungumza lugha nyengine. Tangu sheria ya umiliki wa nyumba za pamoja ya 2010, na miradi mikubwa iliyofuata kwenye rasi ya Fumba, mtu asiye Mzanzibari anaweza kununua fleti hapa kwa ukodishaji wa muda mrefu. Akitia dola 100,000 au zaidi kwenye mradi ulioidhinishwa, anapata na kibali cha ukaazi. Watalii zaidi ya laki saba walikuja mwaka 2024, na kila mtalii ni hoja ndani ya tangazo: nunua, pangisha, fedha yako itarudi. Bei ya huko ni dola. Si tatizo langu. Waliojenga Fumba wamejenga na mitaro, na mimi ambaye kila masika navua viatu kufika barabarani siwezi kuubeza mtaro.

Tatizo langu ni kwamba dola haikubaki Fumba. Nyumba ya jirani yetu, ukuta kwa ukuta, iliuzwa na mjane wa mwenye nyumba mwezi wa Januari kwa milioni sabini. Aliambiwa soko limepoa. Mwezi wa Aprili niliiona kwenye simu: imepakwa rangi nyeupe, imetiwa geti, imepigwa picha ukiwa umetandikwa mkeka na mto wa rangi ya chungwa, na bei yake ni dola 65,000. Piga hesabu mwenyewe kwa shilingi. Hata ukiihesabia dola kwa bei ndogo, ni zaidi ya mara mbili. Nyumba ile haikuongezewa hata tofali moja. Ilihamishwa tu kutoka soko la shilingi kwenda soko la dola, na mjane sasa anapanga chumba Mwanakwerekwe.

Mwezi wa Machi 2025 Serikali ya Muungano ilitoa kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kanuni zipo. Matangazo ya dola nayo yapo. Nafungua simu yangu sasa hivi ninapoandika na nahesabu matano kabla kidole hakijachoka.

*

Nimesikia majibu, na mengine si ya kupuuzwa.

La kwanza: kijana kama wewe ungefurahi bei zikishuka. Ni kweli, ningefurahi. Lakini sijaona zikishuka kwangu. Kila siku nakwenda chuoni Tunguu na njiani nahesabu misingi. Ipo yenye mpapai uliokomaa katikati ya chumba cha kulala. Ipo yenye nguzo zilizotoa kutu mpaka ukutani. Wengine wenye viwanja hivyo wana haki, wanajenga kwa jasho kama Babu. Lakini wengine wana vitano, wana kumi, na hawakukusudia kupiga hata linta. Hao hawashushi bei, kwa sababu kusubiri hakuwagharimu kitu. Soko likipoa, anayeshusha bei ni aliyekwama, na anayenunua ni yule aliyekuwa navyo tayari. Kijana asiye na kitu hayumo katika biashara hiyo; anapita ndani ya daladala akihesabu.

La pili: mali ni ya mtu, na bei ni makubaliano ya wawili. Nakubali. Lakini makubaliano yana sharti, nalo ni kujua. Dini yetu, ambayo tunaitaja sana kwenye kugawa mirathi na kwa nadra kwenye kuuza, imekataza muuzaji kuficha aibu ya bidhaa, na imekataza kumpokea njiani mtu wa shamba anayeleta mali yake sokoni ukainunua kabla hajajua bei. Hili la pili nalirudia, kwa sababu ndilo hasa linalofanyika barazani kwetu. Mama ni yule mtu wa shamba. Dalali amempokea njiani.

La tatu, ambalo husemwa kwa kunong'ona: haya ni mambo ya siasa, kaa mbali nayo. Ndiyo, ni ya siasa, na si mapya. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Nyumba zilikuwa zao, za udongo na makuti, wamezijenga kwa mikono yao. Ardhi ilikuwa ya wengine, ambao waliipandisha kodi kila walipoona mji unakua. Wapangaji wakasema hatulipi, na mtaa mzima ukashikana. Walichokikataa bibi na babu zetu ni kwamba mtu akae mbali, asijenge kitu, halafu apate kwa sababu tu wewe huna pa kwenda. Mapinduzi yakaja na jibu kubwa: ardhi ya umma, kisha magorofa ya Michenzani. Unaweza kubishana na jibu lile mpaka kesho. Lakini swali lilikuwa sahihi, na leo tumelirudisha wenyewe, tena bila ya mwenye ardhi wa kumgomea, kwa sababu huyu wa sasa hana jina. Tunamwita soko.

*

Nataka nini, basi? Sitaki mengi, na hakuna hata moja linalohitaji msaada wa mfadhili.

Bei zichapishwe. Kila robo mwaka, kwa kila shehia: zimeuzwa nyumba ngapi, viwanja vingapi, kwa bei gani. Bila ya majina ya watu. Karatasi moja ibandikwe mlangoni kwa sheha, pale pale panapobandikwa matangazo ya chanjo. Na anayeandika bei ya uongo ajue kwamba ndiyo bei atakayoshikwa nayo atakapouza yeye.

Kanuni ya shilingi isimamiwe. Nyumba ya Fuoni itangazwe kwa fedha ambayo mwalimu wa Fuoni analipwa.

Anayeshikilia viwanja vingi bila ya kuvigusa alipie kusubiri kwake, na alipie zaidi kila mwaka. Tunaambiwa ardhi ni ya umma na mtu anapewa haki ya matumizi. Haki ya matumizi bila ya matumizi ni haki ya nini?

Na warithi wapewe nafasi ya kununuliana kabla nyumba haijatoka nje. Hili si wazo la kigeni. Wenye elimu ya fiqhi wanaijua shufaa, haki ya mshirika kumtangulia mtu wa nje katika fungu la mshirika mwenzake. Kinachokosekana ni fedha za kulitumia. Tuna mifuko ya hifadhi ya jamii inayojenga majengo makubwa. Ianzishe na mkopo mdogo usio na riba wa kuwawezesha wanawake watatu na mama yao kubaki nyumbani.

Nimesema wanawake watatu na mama yao kwa sababu siku moja, nikiwa na kalamu na ile hesabu ya mafungu manane, niliona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yetu miaka sita. Bibi, moja. Mama na dada zake, tatu. Jumla manne. Wanawake wa nyumba hii, ambao katika kila kikao cha mirathi walikuwa wanaleta chai, wana nusu ya nyumba. Nilimwambia Mama. Akaacha alichokuwa anakifanya, akawapigia simu dada zake, na Ijumaa ile, baada ya sala, wakawaambia kaka zao kwamba nusu hii haiuzwi, na nusu ile wako tayari kuinunua kwa mafungu ya kila mwezi, miaka sita au saba, wakichanga wote.

Wajomba walinyamaza kwa muda. Si watu wabaya. Mmoja ana deni la gari, mwengine ana binti wa kuoza. Kisha mjomba mkubwa, yule ambaye wiki mbili nyuma alikuwa tayari kuchukua themanini za mgeni, akaweka kikombe chini.

"Sawa," alisema. "Lakini kwa bei ya soko. Nasikia imefika mia na thelathini."

Alikuwa ameisikia kwetu, tulipokuwa tunamlaani dalali.

Mpaka naandika haya hawajaelewana. Kati ya themanini na mia na thelathini kuna milioni khamsini, na hakuna mtu wa kuwaamua, kwa sababu hakuna mtu anayejua. Ndugu wa tumbo moja wamekaa kwenye mkeka mmoja, kila mmoja ameshika tetesi anayoipenda.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Nakwenda nyumba kwa nyumba, kwa watu wanaotufahamu, nauliza waliuza au walinunua kwa ngapi na mwaka gani. Wengine wananifukuza. Wengine wanasema kisha wananiomba nisiwaandike majina, na siwaandiki. Nimepata kumi na moja. Wa kumi na mbili ni jirani yetu wa zamani, yule mjane wa Mwanakwerekwe. Nilimuonesha tangazo la dola kwenye simu, nikijua ni ukatili, kwa sababu niliona ana haki ya kujua. Aliisogeza simu karibu na macho, akaitazama ile picha ya ukumbi wenye mto wa rangi ya chungwa.

"Wameutoa mlango wa uani," alisema. Kisha akanitajia bei yake, taratibu, na akasubiri mpaka nimalize kuiandika.